Betri Imechoka

Mdogo wangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na mumeo na mtoto, na kwamba kile kikohozi chake kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi tu; ikifika mchana anatembea kunizidi mimi. Shemeji yako anakusalimu, kisha akarudi mlangoni akaniambia niandike kwamba anakusalimu sana, maana salamu moja kwako haimtoshi. Mimi nami ni mzima wa mwili. Ya moyo utayasoma mbele.

Najua umeshangaa kupata karatasi nzima ya mwandiko wangu mbaya wakati simu ipo. Ndani ya bahasha hii utakuta fomu za kuhamisha umiliki wa gari lako. Mahali pa kusaini nimepatia alama ya penseli. Nakuomba kitu kimoja tu: usisaini kabla hujamaliza kusoma. Ningeweza kukupigia, lakini nakujua. Ungenikatiza katikati, ungesema dada yaishe, na mimi kwa uoga wangu ningekubali yaishe kabla hujayajua.

Nianze pale uliponiachia funguo. Ulinieleza kwamba daktari mwenzako amekubali kukushikia kiti cha pili kwenye kliniki yake ya meno, uingie ubia, uache kuajiriwa, na kwamba atakushikia hadi mwisho wa mwezi huu. Fedha ya kuingilia ndiyo hilo gari. Ulisema wanunuzi wa mtandaoni walikuwa wanakusumbua, lakini wewe umeamua liuzwe kwa mkono wangu, kwa sababu hakuna mtu unayemjua anayejua bei kuliko mimi. Nilikubali huku nikitabasamu. Wewe ukapanda ndege, mimi nikabaki na gari.

Unaijua kazi yangu kwa juu juu, ngoja nikueleze kidogo ili unielewe huko mbele. Pale yadi yetu ya kuuzia magari kila gari lina bei mbili. Ipo bei ya kioo, ile tunayoibandika mbele kila mtu aisome, na ipo bei ya moyoni, ambayo chini yake gari halitoki, na hiyo anaijua mwenye gari, bosi na mimi. Miaka kumi na tisa bei zote mbili naziweka mimi. Ndiyo maana wakaniita Mizani. Nikisema gari limegongwa, limegongwa, hata kama rangi yake inang'aa. Wapo wateja hawataki kuona karatasi yoyote, wanataka kuniona mimi tu nikitikisa kichwa au nikikubali.

Sasa mimi bei naiweka kwa sikio. Nawasha injini, nafumba macho, nasikiliza. Lako, la umeme, nililiwasha, nikafumba macho, kimya! Nikadhani halijawaka, nikabonyeza tena, nikalizima. Fundi umeme wetu alicheka mpaka akaegemea ukuta, akaniambia kwamba hapo nimekutana na kiboko yangu. Lakini ni mtu mwema, alinifundisha. Akapima betri, ikatoka tisini na mbili kwa mia, akasema kwa gari la miaka miwili hiyo ni afya tele. Akanionyesha matairi ya nyuma yalivyolika, akasema magari haya mazito yenye mbio za ghafla hula matairi, mwenye gari anapenda kukanyaga. Nikamwambia mwenye gari ni daktari wa meno, mtu mpole. Akasema basi upole wake anauacha kliniki.

Tulikaa mchana mzima juu ya bei. Mbio zake, kutoka kusimama hadi mia kwa sekunde tatu na nusu, zinavutia macho lakini haziongezi sana bei, kwa sababu wenye kutaka mbio wengi hawana fedha, na wenye fedha wengi wana mgongo mbovu. Toleo jipya limeshatoka, hilo linashusha. Dhamana ya betri imebaki miaka sita na inamfuata mnunuzi, hiyo inapandisha. Mwisho nikaandika hivi: kwa kila mia uliyotoa dukani, bei ya kioo sitini na nne, bei ya moyoni hamsini na nane. Bei hiyo niliiweka kwa haki, mdogo wangu. Hapo mkono wangu ulikuwa bado safi.

Kuhusu kulichaji, ofisi nzima inakudai chai. Soketi pekee yenye nguvu ni ile ya birika, na ukichomeka vyote viwili umeme unakatika. Basi kila asubuhi palikuwa na ugomvi, nani anywe, gari au watu. Bosi akaamua gari kwanza. Wakaanza kulinung'unikia gari, na mimi nikawa nacheka nao. Nilicheka kwa raha ambayo haikuwa ya birika.

Haya, niseme. Nilikuwa nakuonea wivu. Sio wivu wa siku moja, na sio wa gari tu, lakini gari lilikuja, wivu wote wa zamani ukaketi juu yake. Unakumbuka picha uliyompelekea Mama, umesimama na mkono juu ya boneti? Mama aliitia fremu, akaitundika sebuleni pale ilipokuwa picha ya harusi yangu. Harusi yangu ikahamia kwenye korido, karibu na mita ya umeme. Kila ninapokwenda kusoma mita najiona nikiwa na shela. Nilichukua kitambaa nikaifuta vumbi fremu yako, nikaifuta kwa nguvu mpaka Mama akaniuliza kama naitafutia doa.

Na shemeji yako naye! Mwanamume huyu hajawahi kunipigia kiatu rangi tangu anioe. Lakini Jumamosi ya kwanza alikuja yadi na taulo laini, akaliosha gari lako saa tatu nzima, na mswaki kwenye rimu, akisema shemeji anajua kuchagua. Nikamwambia ni kweli, kwenye familia yetu wewe peke yako ndiye unayejua kuchagua, mimi ushahidi wangu ameshika taulo pale. Hakunielewa. Akaendelea kusugua.

Miaka kumi na tisa nauza magari, mdogo wangu, na jioni narudi nyumbani nimesimama kwenye basi, kwapa la mtu usoni. Sikukuombea mabaya. Lakini ukifaulu, kuna mahali hapa kifuani panabana, na mimi napiga vigelegele ili pasionekane. Nimekupigia vigelegele vingi mno.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, nilimwambia bosi nataka kulijaribu gari kwa umbali mrefu, nione betri inashukaje. Halikuhitaji kujaribiwa. Nilitaka tu kurudi nyumbani nimekaa. Nilipoingia mtaani watoto waliacha mpira. Yule fundi cherehani wa mbele yetu, ambaye huwa hanijibu salamu mpaka niirudie, alitoka na futi shingoni akauliza gari la nani. Nikamjibu kwamba ni langu. Lilinitoka lenyewe. Nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika, nikaona utamu ambao, sikufichi, bado naukumbuka. Nikamchukua Mama tukazunguka mitaa minne kabla jua halijazama. Mama alikaa mbele, mkoba magotini, na tulipofika kwenye kona ya shule akashusha pumzi akasema kweli mwanangu huyu ana akili. Nikageuka nimshukuru. Kumbe alikuwa anakusema wewe.

Kesho yake asubuhi, kabla sijapiga mswaki, ujumbe wako huo. Kwamba simu yako inaonyesha gari lilipo, na umeona limelala kwetu, na ukaandika nilifaidi tu, nisiogope, nikitaka nilichukue kila siku. Na vile vikatuni vitatu vya kucheka. Ulikuwa unatania, najua, na ulimaanisha wema. Lakini niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kijiwizi changu kidogo cha jioni moja, nacho umekigeuza zawadi kutoka kwako! Niliondoka nyumbani bila kumuaga mtu.

Siku hiyohiyo, saa nne, ndipo alipokuja mhandisi mmoja wa lifti. Ni mzee wa makamo, mtaratibu, ana kampuni yake ya kutengeneza lifti za maghorofa, na alikuja na mkewe. Kwa kazi yake, alisema, anapenda kitu kinachopanda bila kelele. Waliliendesha nusu saa. Waliporudi mkewe hakutaka kushuka, alikuwa anapapasa kiti. Mhandisi alitaja sitini na moja kwa mia. Umesikia? Juu ya bei ya moyoni, wiki ya pili tu. Hata hivyo waliondoka bila kununua. Nilikuandikia wakati ule kwamba walibadili mawazo. Hapo nitarudi, mkono bado haujawa tayari.

Baada yao soko likawa la ajabu. Wateja walikuja, tena wa maana, lakini kila mmoja alikuja na swali lilelile mdomoni, kama ndilo lile gari ambalo betri imechoka. Nilitoa karatasi ya kipimo. Waliitazama, wakanirudishia, wakasema lakini inasemekana. Mmoja, mwenye duka la miwani, alilipenda kabisa, akapiga simu mbele yangu kumuuliza rafiki yake, akaniaga kwa adabu akaenda. Nikashusha bei ya kioo hadi hamsini na tano, chini ya ile ya moyoni. Nikashusha hadi hamsini. Fundi umeme akapima upya kwa hasira, tisini na mbili ileile. Alikuwa anagombana na wateja kama vile betri ni mwanawe. Ikafika arobaini na sita, bosi akaanza kusema tulitupe kwa madalali kwa arobaini tuondokane nalo, watu wanywe chai.

Na mimi kila wiki nikakuandikia kwamba soko limelala. Na wewe kila wiki ukanipa pole. Ulisema unajua nahangaika kwa ajili yako, nisijiumize. Ulinipa pole mara tano, nimezihesabu. Ya tano ilikuja Jumapili ile, ukasema umeamua kumwambia daktari mwenzako ampe mtu mwingine kiti, wewe utabaki kwenye ajira, na kwamba si kitu, basi tu haikuwa riziki.

Niliusoma ujumbe huo nimesimama kwenye basi. Mdogo wangu, hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilitaka mara moja tu ukwame, ukae mahali pamoja kama mimi, uje unilalamikie mimi ndiye nikupe pole. Nikangoja nifurahi. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu, nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, nikalia mbele za watu kama mtu aliyefiwa. Mwanamke mmoja aliniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia hapana, mimi ndiye niliyeiba.

Yule mhandisi hakubadili mawazo. Alipotaja sitini na moja, aliniuliza swali moja tu, na hakulitazama gari, alinitazama mimi. Aliniuliza kama ningekuwa yeye, ningelinunua. Karatasi ya tisini na mbili ilikuwa kwenye droo, goti langu linaigusa. Ujumbe wako ulikuwa kwenye simu, na vile vikatuni. Nikatikisa kichwa. Nikamwambia betri imechoka.

Maneno mawili, basi. Mkewe akashuka kwenye kiti. Na mhandisi, hili ndilo linaloniua, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akanishukuru. Alisema watu waaminifu kama mimi wamekwisha, mwingine angemuuzia. Walipotoka getini nilikuwa na furaha. Nakwambia ukweli wote: nilikuwa na furaha, nikanywa vikombe viwili vya chai.

Nilidhani nimemfukuza mnunuzi mmoja, akija mwingine nitamuuzia, wewe utakuwa umechelewa kidogo tu, utaonja. Sikufikiri kwamba mhandisi anaingia kila jengo la mji huu, na kila anayemuuliza habari za magari atamwambia alichoambiwa na Mizani. Miaka kumi na tisa nimewazoesha watu kuliamini neno langu kuliko karatasi. Basi waliliamini. Nilipowaonyesha kipimo walidhani bosi amenilazimisha, wakanionea huruma.

Jumatatu asubuhi nilimpigia simu daktari mwenzako, namba niliipata kwa mumeo, usimlaumu, nilimdanganya kuwa ni jino. Nilimwomba asimpe mtu kiti. Alisema bado hajampa, na neno lake la mwisho wa mwezi liko palepale. Kisha nikamfuata mhandisi kwenye jengo anakofanya kazi. Nilimkuta ghorofa ya sita, mlango wa lifti uko wazi, amepiga magoti, mikono ina grisi, na mafundi wake wawili pembeni. Nikamwambia pale pale kwamba betri ni nzima, kwamba nilimwongopea, na gari ni la mdogo wangu, na sababu ni wivu. Nilitaka kusema kwa sauti ndogo, lakini shimo la lifti linarudisha sauti, nadhani walisikia hadi chini.

Alifuta mikono polepole. Akasema siku ile sikuwa na shida naye, nikamwongopea. Leo nina shida, je, aniamini kwa lipi? Akasema atalichukua gari likapimwe na mtu wake, na likiwa zima atalinunua kwa sababu mkewe bado analitaja, lakini mimi nisiweke mkono kwenye karatasi hata moja. Ndiyo maana kwenye fomu utaona sahihi ya fundi umeme mahali pangu. Mtu wake alipata tisini na moja. Ametoa hamsini na tisa. Fedha zitaingia kwako ukisaini, na kiti kinakungoja hadi tarehe thelathini.

Bosi nilimweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Alisema wateja wakijua, kila bei niliyowahi kuweka itarudi kuulizwa upya, na tayari wawili wamerudi. Amenitoa kwenye bei. Sasa niko getini, naandika namba za magari yanayoingia na yanayotoka. Jana lilipita pikapu la zamani, nikalisikia vali moja inagonga, nikajua thamani yake kabla halijasimama. Nikaandika namba.

Mama bado hajui. Nitamwambia mwenyewe Jumapili, usinitangulie. Shemeji yako anajua, nilipomwambia alichukua viatu vyangu vya kazi akavipiga rangi. Sijui alimaanisha nini na sijathubutu kumuuliza.

Sasa nakuomba jambo, na si lile unalodhani. Nakujua. Pengine hapa ulipofika umeshanisamehe, unatafuta simu uniambie dada yaishe. Usinisamehe haraka. Kusoma ulinipita, kazi ulinipita, kwa Mama ulinipita, na hata nilipokuibia jioni moja ulinipita kwa kunipa. Kwenye hili nisubiri. Saini fomu, ukakalie kiti chako, kisha unikasirikie, hata mwezi mmoja, kama watu wengine wanavyokasirika. Nipigie unigombeze. Nitapokea.

Msalimie sana mumeo na umwambie jino langu halijambo. Mbusu mtoto kwenye paji la uso, na umfunike kifua asubuhi. Mama anakuombea, kama kawaida, mimi ananiombea baada yako. Nakutakia kila la heri kwenye kliniki, na nimelifuta neno hili mara mbili kabla ya kuliandika, ili nihakikishe nalimaanisha. Nalimaanisha.

Ni mimi dada yako,
ambaye hata sasa, nikiandika, kile kiti nakionea wivu kidogo.